Kuvua kwa Punje: Jinsi ya Kuandaa na Kutumia Mbegu Kama Chambo cha Mshipi

Nyungunyungu akishavishwa kwenye ndoano hujitangaza mwenyewe. Hujinyonganyonga, hutoa harufu, na kila samaki mwenye njaa aliye karibu humjia, mkubwa kwa mdogo. Punje ya hindi haina mambo hayo. Inazama, inalala chini, inanyamaza. Ndiyo maana wavuvi wengi huijaribu siku moja, wakakaa saa mbili bila kiboya kutikisika, kisha wakarudi kwenye nyungunyungu wakisema mbegu hazifai.

Nimevua kwa punje miaka mingi, na naweza kukuambia bila kusita kwamba kosa si la punje. Samaki hawajaizoea, basi. Kazi ya mvuvi wa punje ni kuwazoesha samaki: awape mbegu iliyoiva sawasawa, kidogo kidogo, mahali palepale, mpaka waiokote bila wasiwasi kama chakula chao cha kila siku. Ndoano huja baada ya hapo. Ukilishika hilo, hatua zote zilizobaki zitakuwa na maana kwako, na utaona ni kwa nini nimetumia maneno mengi kwenye sufuria na kwenye ulishaji kuliko kwenye ndoano yenyewe.

Faida yake ni kubwa. Punje iliyopikwa vizuri ina ngozi ngumu kiasi, haichomoki kwenye ndoano unapotupa mshipi, na samaki wadogo wanaomaliza nyungunyungu kwa kumdonoadonoa hawaiwezi. Anayeichukua mara nyingi ni samaki wa maana.

Samaki gani wanakula mbegu

Si lazima ufikirie kwamba unamlazimisha samaki kula kitu kigeni. Mbegu huanguka majini siku zote, kutoka kwenye nyasi za ukingoni na miti iliyoinamia maji. Katika Mto Amazon yuko samaki aitwaye tambaki, Colossoma macropomum, mwenye meno yanayofanana na magego, ambaye wakati wa mafuriko huingia msituni na kuvunjavunja mbegu zinazodondoka kutoka kwenye miti, zikiwemo mbegu za mpira.

Kwa sisi wavuvi wa mshipi, jamii iliyo muhimu zaidi ni ile ya kapi, kuyu na ningu. Hawa hawana meno mdomoni. Meno yao yako ndani kabisa, kooni, na huko ndiko punje inakosagwa. Pia hawana tumbo la kuhifadhia chakula kama letu, bali utumbo mrefu ambamo chakula hupita moja kwa moja. Samaki wa namna hiyo hali mlo mmoja mkubwa akaridhika. Anaokota, anasaga, anameza, anaendelea. Perege na sato nao wana taya za kooni, na hula punje laini vizuri wakishazoeshwa. Kambare anaweza kuchukua punje moja moja, lakini ukimtaka kambare nakushauri utumie chambo chenye harufu kali na uache mbegu.

Hatua ya 1: Chagua mbegu, na ujue zipi hazigusi maji

Mahindi makavu ndiyo ya kuanzia. Punje ni kubwa, inaonekana kwa rangi, inakaa vizuri kwenye ndoano, na inasamehe makosa ya mpishi. Ngano ni nzuri kwa samaki wa wastani. Mtama na choroko ni za samaki wanaookota vitu vidogo, na dengu, zile za mviringo zenye ncha kama mdomo wa ndege, ni za samaki wakubwa. Ulezi na ufuta ni vidogo mno kwa ndoano, lakini ukivichanganya na mbegu kubwa huwaweka samaki chini wakitafutatafuta kwa muda mrefu.

Katika nchi za Ulaya mbegu za bangi zimekuwa chambo maarufu, na ni kweli samaki huzipenda mno. Lakini nchi nyingi zimeharamisha mmea huo pamoja na mbegu zake, na yako pia maji ambayo wasimamizi wake wamezikataza kama chambo. Usijiingize matatani. Mtama uliopikwa mpaka ukapasuka unafanya kazi inayokaribiana sana na hiyo.

Sasa naomba usome aya hii polepole. Usitumie kamwe mbegu za kupandia zilizotiwa dawa. Utazijua kwa rangi yake isiyo ya asili, nyekundu, waridi, kijani au buluu. Dawa hizo ni za kuua ukungu na wadudu, na kuosha hakuziondoi za kutosha. Utaua samaki, utachafua maji, na kama unavua kwa ajili ya kula utaipeleka sumu nyumbani kwako. Vilevile kaa mbali na mbegu za mbarika na za mbono, zote zina sumu kali. Na mmea wa utupa, ambao watu wameutumia kulevya samaki, si chambo. Huo ni uangamizaji, unaua kuanzia mayai mpaka mama.

Mbegu zenye ukungu nazo ni za kutupa. Ukungu fulani hutengeneza sumukuvu, na mchemko wa kawaida jikoni hauiondoi. Karanga ni miongoni mwa zinazoshambuliwa zaidi, na hiyo ni sababu mojawapo ya maji mengi yenye wasimamizi kuzikataza. Mimi sizitumii kabisa. Sheria ni rahisi: kama usingethubutu kuipika ule mwenyewe, usimpe samaki.

Ukishapata mbegu safi, zimwage kwenye ndoo ya maji na uzikoroge. Zinazoelea zimetobolewa na wadudu, ni ganda tupu. Zichote uzitoe. Osha zilizobaki mpaka maji yatoke safi, maana vumbi la ghalani lina harufu ambayo hutaki kuipeleka mtoni.

Hatua ya 2: Loweka

Punje kavu ina kiu. Ukiitupa majini ilivyo, samaki akaimeza, itaendelea kunyonya maji na kuvimba ndani ya utumbo wake, na inaweza kumdhuru hata kumwua. Kwa hiyo uvimbaji wote ni lazima umalizike kwenye ndoo yako.

Mahindi yaloweke saa 24, na kama ni ya zamani na magumu sana, saa 48. Dengu na soya saa 12 hadi 24. Ngano, mtama na choroko zitatosheka kwa usiku mmoja. Weka maji mengi, angalau mara mbili ya ujazo wa mbegu, kwa sababu zinakunywa kuliko unavyodhani. Niliwahi kuacha ndoo ya mahindi na maji yaliyofunika punje kwa vidole viwili tu. Asubuhi tabaka la juu lilikuwa limekauka na gumu kama mawe, la chini limeshiba. Zilipochemshwa pamoja, nusu ikawa uji na nusu haijaiva.

Kipimo cha kujua kama zimelowa: kata punje katikati kwa kisu. Ukiona kiini cheupe kikavu kama chaki, bado.

Hatua ya 3: Chemsha

Hapa ndipo chambo kinapotengenezwa au kuharibiwa. Unatafuta punje ambayo ni laini kwa kidole lakini ngozi yake haijaachana na nyama. Ikiwa ngumu, samaki ataitema. Ikiiva kupita kiasi, itakatika kwenye ndoano kabla haijagusa maji.

Mahindi yaliyolowa yachemshe dakika 40 hadi saa nzima, na usishangae kama mengine yatazidi hapo. Dengu dakika 20 hadi 40. Mtama dakika 20 hadi 30, mpaka uone punje nyingi zimepasuka na unga mweupe unachungulia. Ngano dakika 15 hadi 20. Choroko uzisimamie, maana kutoka kuiva hadi kuvurugika ni dakika chache tu.

Muda huo ni wa kukuongoza. Hakimu ni vidole vyako. Kuanzia dakika ya 30 nachota punje moja ya hindi kila baada ya muda, naipoza kwenye maji baridi, kisha naiminya kati ya kidole gumba na cha shahada. Punje ambayo bado inateleza na kuruka. Punje iliyofika inakubali, inabonyea, halafu inarudi kidogo ukiiachia, na ukucha unapita kwenye ngozi kwa mkwaruzo mdogo tu. Ukiona inabonyea na kubaki imebonyea, ondoa sufuria motoni haraka, maana itaendelea kuiva yenyewe ndani ya maji yake ya moto.

Maharage yanahitaji neno la pekee. Maharage mabichi, hasa mekundu, yana sumu ya asili aina ya lektini. Baada ya kuyaloweka mwaga yale maji, weka mengine, na uyachemshe kwa mchemko mkali wa kutokota kwa angalau dakika 10 kabla hujapunguza moto. Moto mdogo wa polepole peke yake hautoshi. Soya nayo, ikiwa mbichi, ina kitu kinachozuia usagaji wa protini tumboni, na moto ndio unaokiharibu. Mbegu za jamii ya kunde zote zipikwe kikamilifu, bila njia ya mkato.

Kwa ngano na mtama ipo njia ninayoipenda ya kutumia chupa ya chai. Weka mbegu zilizolowekwa ndani ya chupa, mimina maji yanayochemka, funga, uache usiku kucha. Asubuhi zimeiva zote sawa, na harufu yake imebaki ndani. Angalizo ni moja: mbegu zisizidi theluthi ya chupa. Mwaka wa kwanza niliijaza nusu na zaidi, tena kwa ngano kavu. Usiku nilisikia mlio, na asubuhi nikakuta kioo cha ndani kimepasuka vipandevipande kwa nguvu ya punje zilizovimba. Chambo chote kikatupwa, kwa sababu punje zenye vigae vya kioo humwekei samaki wala huziingizii mkono wako.

Usimwage maji ya kuchemshia. Yana wanga, sukari na rangi ya mbegu. Acha mbegu zipoe ndani yake, na uzibebe zikiwa ndani yake. Chumvi kidogo haina ubaya. Sukari mimi naitia mara chache, kijiko kimoja kwa lita, na kusema kweli sijaona kwamba inaleta tofauti kubwa kuliko maji yenyewe ya mahindi.

Kama huna muda wa yote haya, mahindi matamu ya kopo yako tayari. Ni laini na samaki huyapenda, ila ulaini huo ndio udhaifu wake: samaki wadogo huyadonoa, na ukitupa mshipi kwa nguvu yanabaki angani.

Hatua ya 4: Chachusha, ukitaka

Mahindi yaliyopikwa yakikaa ndani ya maji yake siku mbili hadi nne kwenye joto la kawaida, yanaanza kuchacha. Maji yanageuka mazito kidogo, vipovu vinapanda, na harufu inakuwa chachu yenye utamu, kama ya togwa. Kapi na kuyu huifuata harufu hiyo vizuri sana, kwa sababu sasa punje imepata sauti ambayo mwanzo haikuwa nayo.

Funika chombo kwa kitambaa au kifuniko kilicholegea. Ukikikaza, hewa inayotengenezwa ndani itakipasua au itakurushia maji usoni utakapokifungua. Na ujue mpaka: uchachu ni sawa, uvundo si sawa. Ukiona manyoya ya ukungu juu, ya kijani, meusi au ya kijivu, mwaga vyote shimoni mbali na maji. Usijidanganye kwa kuondoa tabaka la juu.

Hatua ya 5: Chagua mahali na upime kina

Tafuta mahali ambapo samaki hupita kutafuta chakula: chini ya mteremko wa ukingo, pembeni mwa magugu, mahali mkondo unapopungua nguvu nyuma ya jiwe au kona. Chini pawe pagumu kiasi, mchanga, changarawe au udongo ulioshikana. Kwenye tope zito punje itazama ikapotea.

Utalijuaje tope? Funga chubwi zito mwishoni mwa mshipi bila ndoano, tupa, kisha vuta polepole. Kwenye changarawe utahisi mgongano mdogomdogo mkononi, kwenye mchanga linateleza, na kwenye tope linang'ang'ania halafu linachomoka ghafla. Kwa chubwi hilohilo utapima kina: sogeza kiboya juu au chini mpaka kichwa chake kitokeze tu juu ya maji wakati chubwi limelala chini. Weka alama hapo. Chambo cha punje kikae chini au kiguse chini kidogo, maana huko ndiko samaki anakotarajia kuikuta.

Hatua ya 6: Walishe

Kama kuna hatua moja ya kuifanya kwa moyo wote, ni hii.

Ukiweza, anza siku mbili hadi nne kabla ya kuvua. Nenda jioni au alfajiri, saa ileile, tupa nusu lita ya punje zilizopikwa mahali palepale, uondoke. Usivue. Najua ni vigumu kusimama ukingoni bila mshipi, lakini siku hizo ndizo zinazofanya kazi. Samaki anakuta punje, anaionja, hapati madhara, na kesho yake anarudi kuitafuta.

Ukiwa na siku moja tu, fanya hivi. Unapofika tupa viganja viwili vya punje. Halafu tayarisha mshipi wako taratibu bila kuuingiza majini kwa nusu saa. Baada ya hapo tupa punje 10 hadi 15 kila baada ya dakika tano au kumi, iwe umepata samaki au hujapata. Usiongeze eti kwa sababu hawali. Hilo ndilo kosa ninaloliona mara nyingi: mvuvi anakosa subira, anamwaga ndoo nzima, na sasa samaki wana punje elfu moja za kuchagua na moja tu ina ndoano. Wakishiba wanaondoka. Punje zilizobaki zinaoza chini na kula hewa ya maji, na mahali panaharibika kwa siku kadhaa.

Kumbuka samaki hana joto lake mwenyewe, anafuata la maji. Maji yakiwa baridi usagaji wa chakula unapungua, na hamu inapungua. Siku hizo tupa punje tano au sita kwa zamu, na uache nafasi ndefu katikati.

Kwenye maji yaliyotulia unalenga tu, kwa mkono, au kwa manati kama ni mbali. Kwenye maji yanayotembea lazima upige hesabu. Dondosha punje chache karibu na ukingo mahali unapoona chini, na uhesabu sekunde mpaka zitue. Halafu tupa jani juu ya maji uone linasafiri umbali gani kwa sekunde. Tuseme punje inachukua sekunde sita kufika chini kwenye kina chako, na jani linakwenda nusu mita kila sekunde. Punje itabebwa kama mita tatu, kwa hiyo zitupe mita tatu kabla ya mahali unapotaka zitue, upande mkondo unakotoka. Pengine utapunguza kidogo, kwa kuwa maji ya chini hutembea polepole kuliko ya juu. Mvuvi asiyefanya hesabu hii anawalisha samaki wa jirani yake.

Dalili za kwamba wamefika: vipovu vidogovidogo vinavyopanda kwa makundi, maji yanayoanza kuchafuka mahali pamoja tu, na kiboya kinachoyumba bila kuzama kwa sababu samaki wanagusa uzi kwa miili yao wakipita. Ukiona hilo la mwisho, usivute. Bado wanazunguka.

Hatua ya 7: Visha ndoano

Katika ndoano hizi namba ikiwa kubwa ndoano ni ndogo. Kwa punje moja ya mtama au ngano tumia namba 14 hadi 16. Kwa hindi moja, 10 au 12, na kwa mahindi mawili au dengu, 6 hadi 8. Uzi wa milimita 0.20 hadi 0.28 unatosha kwa samaki wengi. Penye magugu au samaki wakubwa, nenda juu zaidi bila kuona haya, maana samaki anayekata uzi anaondoka na ndoano mdomoni.

Hindi lipitishe ndoano kwenye upande wa juu ulio mpana, mbali na ile ncha nyeupe iliyokuwa imeshikamana na gunzi, chini kidogo ya ngozi, na ncha ya ndoano itokeze wazi. Ukiificha ndani ya punje, ngozi itaizuia kuchoma. Mtama au ngano, ingiza mgongo wa ndoano kwenye ule mpasuko, ncha ibaki nje. Mpasuko huo ndio sababu tulitaka mbegu zipasuke jikoni.

Kwa samaki wajanja ipo njia iitwayo unywele. Ilibuniwa Uingereza karibu na mwaka 1980 na wavuvi wawili wa kapi, Len Middleton na Kevin Maddocks, walipoona samaki wanaokota chambo, wanakipima mdomoni, wanahisi uzito wa ndoano, na kukitema. Wakaitoa punje kwenye ndoano kabisa. Namna ya kuifanya: piga fundo dogo la kitanzi mwishoni mwa uzi wako laini, kisha pitisha upande wa pili wa uzi kwenye tundu la ndoano, na uvute mpaka kitanzi kining'inie chini ya kipindo cha ndoano. Zungusha uzi kwenye shina la ndoano mara sita hadi nane ukielekea kwenye kipindo, halafu rudisha ncha ya uzi kwenye tundu lilelile, ukipita kutoka nyuma kuja mbele. Kaza. Punje itobolewe kwa sindano nyembamba, kitanzi kivutwe kupita ndani yake, na kizibo kidogo, hata kipande cha bua la nyasi, kiwekwe ndani ya kitanzi ili punje isitoke. Acha nafasi ya milimita chache kati ya punje na kipindo. Samaki akiivuta punje kwa mdomo, ndoano tupu inaifuata. Akijaribu kuitema, inageuka na kumshika mdomo wa chini.

Hatua ya 8: Subiri, soma, vuta

Anayekula punje hakimbii nayo. Kiboya hutetemeka mara moja, kinalala au kinanyanyuka kidogo, halafu kinateleza upande mmoja. Kwa hindi au dengu subiri kuteleza huko ndipo uvute, kwa mkono mtulivu, si kwa kurusha. Kwa mtama vuta mapema, punje ni ndogo na inatemwa upesi. Ukitumia unywele na chubwi zito, samaki hujinasa mwenyewe, kazi yako ni kuushika ufito usiingie majini.

Kuna jambo moja linalowasumbua wanaotumia mbegu ndogo nyeusi au za kahawia. Kiboya kinazama mara kwa mara, unavuta, hupati kitu, na punje iko palepale kwenye ndoano. Kagua risasi zako ndogo za mshipini. Mara nyingi utakuta zina mikwaruzo. Samaki waliokwisha kuzoea kuokota vijipunje vyeusi vinavyoshuka huziona risasi za duara na kuzidaka kama mbegu. Dawa yake ni kuondoa zile risasi za duara zilizopangwa juu ya ndoano na badala yake kuweka uzito mmoja mrefu mwembamba, juu zaidi, usiofanana na punje. Nilipobadilisha hivyo mara ya kwanza, mivuto ya uongo ilikoma siku ileile.

Baada ya kuvua

Punje zilizobaki rudi nazo nyumbani. Ndani ya maji yake zitakaa siku chache mahali pa baridi, au zigandishe kwenye mifuko midogo inayotosha siku moja moja. Mahindi na dengu huvumilia barafu bila kuharibika sana. Usizimwage zote mtoni kwa kuona uchungu wa kuzibeba. Na kabla ya safari yoyote kwenye maji yenye msimamizi, uliza mbegu zipi zinaruhusiwa na kiasi gani cha kulishia, kwa kuwa masharti hayalingani.

Kama umemchukua samaki wa kula, usitupe matumbo yake kabla hujayafungua. Pasua utumbo kwa kisu, uangalie. Ukikuta maganda matupu na uji wa mbegu, punje zako zimesagwa na kutumika. Ukikuta punje nzima nzima karibu na mwisho wa utumbo, ngumu ukiziminya, hazikuiva. Wakati ujao ongeza saa 12 za kuloweka na dakika 15 motoni.